Maswali Yenu: Kina Mama wa Terasi

Barua za toleo hili zinamhusu mtu mmoja: mwanamke aliyesimama kwenye terasi, zile ngazi za saruji za viwanja vya Nairobi vya City, Nyayo au Kasarani, akiishangilia timu yake, enzi ambazo wengi waliamini uwanja wa mpira ni mahali pa wanaume. Hamtampata kwenye orodha ya wachezaji. Wapigapicha wa magazeti nao walijipanga karibu na goli wakiutazama mchezo, kwa hiyo yeye, akionekana, ni kichwa kidogo tu nyuma ya kipa. Ushahidi wake uko nyumbani, yaani kichwani mwake, kwenye albamu, au chini ya sanduku la nguo. Barua tumezifupisha.

Nyanya yangu hakukosa mechi ya Ingwe (AFC Leopards) pale City Stadium miaka ya sabini. Nikimwomba anisimulie, ananijibu, "Ah, mjukuu wangu, tulikuwa tunashangilia tu." Nimfanyeje azungumze, na nimrekodi kwa kutumia nini? – Dada wa Kaloleni

Dada, nyanya hajasahau. Swali lako ndilo pana mno. Ukimwambia mtu "nisimulie," atakupa muhtasari, na muhtasari wa miaka kumi ya mpira ni hayo hayo maneno matatu. Anza na mambo aliyoyafanya kwa mikono na miguu yake. Siku ya mechi alimaliza kazi gani kwanza ndipo atoke? Watoto aliwaachia nani? Alivaa nini, na viatu je? Nauli na pesa ya tiketi aliziweka wapi: pindo la leso, soksi, kifuani? Alitembea na nani, wakapita wapi hadi getini? Walisimama ngazi ya ngapi kutoka chini, na kwa nini hapo na si penginepo? Sehemu hiyo waliiitaje? Mvua iliponyesha walifanyaje? Haja ilipombana alienda wapi? Swali hili la choo watu hulikwepa kwa aibu. Liulize. Hakuna swali linaloonyesha haraka kama hilo uwanja ulijengwa kwa kuwafikiria akina nani.

Sikiliza jina analoliita uwanja. Ule uliopo Jogoo Road ulianza ukiitwa African Stadium, ukawa Donholm Road, kisha Jogoo Road, kisha City, na leo ni Uwanja wa Joe Kadenge. Akisema "Donholm Road" nawe ukamrekebisha aseme "City," umefuta tarehe kwa kinywa chako mwenyewe. Vivyo hivyo na timu: iliyoanza 1964 kwa jina la Abaluhya iligeuka AFC Leopards mwaka 1980, serikali ilipokataza majina ya kikabila. Hapo lakini uwe mwangalifu, maana wazee wengi waliendelea kusema "Abaluhya" miaka mingi baadaye. Jina la zamani ni dalili, si cheti.

Usimwekee maneno mdomoni. "Wanaume waliwadharau, sivyo?" ni swali lenye jibu ndani yake, na nyanya mwenye adabu atakuitikia tu. Muulize, "Wanaume waliokuwa karibu walifanya nini mlipofika?" kisha nyamaza. Kimya kikizidi, hesabu hadi kumi moyoni kabla ya kuongeza neno. Mara nyingi jambo lenyewe huja mnamo saba au nane. Na umpe kitu ashike: picha, leso ya siku hizo, hata tiketi ya leo ili aifananishe na ya zamani.

Kuhusu kifaa, simu ya kawaida inatosha ukiiheshimu. Iweke katika hali ya ndegeni, la sivyo simu itakayoingia itakata faili. Kama programu ya kurekodi inakuruhusu kuchagua, chagua WAV, 44.1 kHz, biti 16, mono. Saa moja itachukua takriban MB 320, kwa hiyo hakikisha nafasi ipo. Iweke sentimita 30 hivi kutoka kinywani, juu ya leso iliyokunjwa mara nne, ili mitikisiko ya meza isiingie. Mwombe avue bangili kama ana desturi ya kugonga meza akisisitiza jambo: masikioni unasikia maneno yake, kwenye faili utasikia bangili. Ondoa kitambaa cha plastiki mezani, zima redio na televisheni, na kama nyumba ni ya mabati usipange siku ya mawingu. Jokofu linalovuma lizimwe, nawe uache funguo zako juu yake ili usitoke bila kuliwasha tena.

Rekodi dakika moja ya majaribio uisikilize kwa visikizi. Halafu anza rasmi kwa kutaja mwenyewe: tarehe, mahali, nani anazungumza, nani anauliza, lugha gani. Mwache atumie lugha ya nyumbani akitaka. Tafsiri itakuja baadaye, lakini utani wa terasi ukilazimishwa kuingia Kiswahili papo hapo hufa. Dakika 60 hadi 75 zinatosha kwa mtu mzima. Rudi baada ya wiki moja au mbili, kwa sababu mazungumzo ya kwanza huamsha mengine ambayo atayakumbuka ukiwa umeshaondoka.

Kinachoharibu kazi hii kuliko mashine ni jamaa. Mjomba akiketi sebuleni, ndani ya dakika tano atakuwa anasimulia yeye, tena mabao. Mpe miadi yake siku nyingine.

Nina picha ya kina mama watano wamesimama kwenye ngazi za uwanja, wamefunga vilemba. Nyuma yao kuna basi na gari dogo. Haina tarehe. Nitajuaje ni ya mwaka gani? – Msomaji, Buruburu

Kanuni ni moja: kitu kipya kuliko vyote pichani ndicho kinachotawala. Nguo hazitegemeki, maana leso nzuri huvaliwa miaka ishirini. Lakini hakuna aliyeweza kusimama ndani ya uwanja ambao haujajengwa. Nyayo ulifunguliwa 1983 na Kasarani ukakamilika 1987, kwa Michezo ya Afrika. Kama nyuma ya ngazi unaona njia ya kukimbilia na jukwaa kubwa lililoezekwa, linganisha na picha za viwanja hivyo kabla ya kusema ni City.

Kisha chukua kioo cha kukuzia uende pembeni mwa picha, kwenye magari. Nambari za usajili zinazoanzia KAA, zenye herufi moja mwishoni, zilianza 1989. Ukiona herufi tatu na tarakimu bila ile herufi ya mwisho, gari lilisajiliwa kabla ya hapo, ingawa picha yenyewe yaweza kuwa ya baadaye. Mabasi ya Nyayo Bus yalianza 1986. Matatu yenye mstari wa manjano ubavuni ni ya 2004 kuja huku, baada ya sheria za Waziri wa Uchukuzi, Michuki. Matatu isiyo na mstari huo, iliyojaa michoro na majina, ni ya kabla yake, au ya miaka ya majuzi michoro iliporudi. Mstari ni ushahidi mzuri, kukosekana kwake si ushahidi.

Geuza picha. Tafuta muhuri wa studio au maabara. Karatasi nayo husema: ile ya zamani ni karatasi tupu, hujikunja, na ukiikwaruza pembeni ina nyuzi. Karatasi yenye utando wa plastiki, inayolala bapa, ilienea kuanzia miaka ya sabini. Picha ya rangi iliyogeuka nyekundu-nyekundu kote, hata pale ilipofichwa na fremu, ni tabia ya picha za miaka ya sabini hivi: rangi ya samawati-kijani iliyomo hufifia hata gizani, na nyekundu hubaki peke yake. Tarehe ya rangi ya chungwa iliyochapwa kwenye pembe usiiamini kichwa mchunga. Kamera nyingi hazikuwahi kurekebishwa tangu zitoke dukani, na betri ilipobadilishwa tarehe ilianza upya.

Majina ya wale watano ni muhimu kuliko mwaka. Toa fotokopi, andika nambari 1 hadi 5 juu ya vichwa kwenye fotokopi hiyo, na uiambatanishe na orodha. Usiandike mbele ya picha. Nyuma yake tumia penseli laini, 2B, picha ikiwa imelala juu ya kioo au meza ngumu. Kalamu ya wino hupenya na kuacha mitaro inayoonekana upande wa nyuso. Kama leso ina maneno yanayosomeka, yanakili yote. Mwenye leso akiwa hai, maneno hayo yatamfungua mdomo kuliko swali lolote. Mwishoni andika "takriban 1984–1988" bila haya. Mwaka mmoja wa kubahatisha ukishaandikwa, wajukuu wataunakili kama kweli.

Albamu ya marehemu mama ni ile yenye kurasa za gundi na karatasi ya plastiki juu. Picha za uwanjani zimegandia. Nikivuta zinachanika. – Kaka wa Makongeni

Acha kuvuta leo hii. Albamu hizo zilipendwa sana miaka ya sabini na themanini, na ni adui wa picha: gundi hukauka ikawa kama saruji, na plastiki hubana unyevu.

Kwanza piga picha kila ukurasa mzima kama ulivyo, kwa sababu mpangilio aliouchagua mama nao ni habari. Funua plastiki taratibu kutoka pembe moja. Chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta wala ladha, kama sentimita 40, uupitishe nyuma ya pembe ya picha, kisha uusogeze kama msumeno, kulia na kushoto, ukiwa sambamba na ukurasa. Picha ibaki bapa, ukurasa ndio ukunjwe kidogo kuiacha. Uzi ukikwama, toka upande wa pili. Ukikwama pande zote, simama hapo. Kata ukurasa kuzunguka picha kwa wembe, uihifadhi na kipande chake cha kadibodi mgongoni. Usitumie maji, mvuke wala mashine ya kukausha nywele: joto huilainisha gundi dakika mbili, halafu huilainisha picha yenyewe.

Zilizotoka ziskaniwe kwa dpi 600 na kuhifadhiwa kama TIFF. Picha ya sentimita 10 kwa 15 itakupa faili ya MB 26 hivi. Saibani watakupa JPEG, faili iliyofinywa, usipowaambia. Kwenye WhatsApp tuma kama waraka, si kama picha, kwani ukituma kama picha inafinywa na nyuso za nyuma zinakuwa madoa. Hao wa nyuma ndio tunaowatafuta.

Zile asili ziwekwe kwenye bahasha nyeupe za karatasi ya kawaida, kila picha na bahasha yake. Bahasha za kaki zina asidi. Picha iliyogandia kwenye kioo cha fremu usiiguse kabisa, iskani ikiwa ndani ya kioo chake.

Mama anashikilia alikuwa Nyayo mwaka 1987 Gor Mahia ikitwaa kombe la Afrika. Mtandaoni naona ni Kasarani. Nifute sehemu hiyo? – Mwana wa K'Ogalo, Umoja

Usifute, wala usimbishie kwenye rekodi. Kilichoandikwa ni hiki: Gor Mahia ilitoka sare ya 2-2 na Espérance mjini Tunis, ikatoka 1-1 Kasarani tarehe 5 Desemba 1987, na ikachukua Kombe la Washindi kwa mabao ya ugenini, yaani jumla ilikuwa sare na aliyefunga mengi ugenini ndiye aliyeshinda. Lakini mwaka huo huo, mwezi Agosti, Kasarani hiyo hiyo, timu ya taifa, Harambee Stars, ilifungwa 1-0 na Misri kwenye fainali ya Michezo ya Afrika. Na kuna fainali nyingine ya Gor, ya 1979, iliyopotea kwa Canon Yaoundé: 2-0 hapa Nairobi na 6-0 kule Kamerun. Mtu aliyehudhuria mpira kwa miaka ishirini anaweza kushona siku tatu zikawa moja, na hilo si uongo.

Mrudishe kwenye mambo yasiyochanganyika kirahisi. Walirudi nyumbani wakiimba au kimya? Shule zilikuwa zimefungwa kwa Krismasi? Walifikaje uwanjani? Mtu wa Makongeni aliyezoea kwenda City kwa miguu hukumbuka vyema siku aliyolazimika kupanda basi hadi Thika Road, na shida ya kupata basi la kurudi usiku. Muulize pia kama kuna waliokuwa wakiuliza, kipenga cha mwisho kilipolia, kama sare imetosha. Aliyekuwapo Desemba ile ataikumbuka hesabu ya mabao ya ugenini, maana si kila aliyekuwa karibu naye alikuwa anaielewa.

Ukimaliza, nakili maneno yake yabaki "Nyayo," na chini uweke maelezo yako: "Rekodi zinaonyesha fainali ilichezwa Kasarani." Sauti yake na sahihisho lako vikae ukurasa mmoja. Huenda pia Nyayo anayoikumbuka ni mechi nyingine kabisa, na ukimsahihisha mapema hutaijua kamwe.

Shangazi alinieleza, kinasa sauti kikiwa kimezimwa, jinsi wanawake walivyoshikwashikwa wakati wa kusukumana getini. Sijui kama niandike. – Msomaji, Jericho

Alichokisema kinasa kikiwa kimezimwa ni siri yake hadi aseme vinginevyo. Mrudie mkiwa wawili tu, umweleze kwa ufasaha unataka kukitumia wapi na nani atasoma. Mpe njia tatu: litoke kwa jina lake, litoke bila jina wala mtaa, au lifungwe hadi mwaka atakaoutaja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamruhusu kuiondoa ridhaa yake hata baada ya kukupa, kwa hiyo andika makubaliano, tieni sahihi, na umsomee tena maneno yake yakishapangwa. Ridhaa ya kwanza hutolewa kwa mpwa anayependwa, ya pili kwa maandishi yaliyo mezani. Ya pili ndiyo nzito. Akimtaja mwanamume kwa jina, ondoa jina hilo kwenye nakala ya kusomwa na watu.

Ukiruhusiwa kuuliza zaidi, uliza mbinu kabla ya majeraha. Nani alisimama nje ya duara na nani ndani? Waliingia mapema kiasi gani ili wasikutane na msukumano? Walikubaliana wakutane wapi wakitenganishwa? Pini ya kilemba ilikuwa ya kilemba tu? Wengi wataeleza kwa fahari walivyojilinda, na maumivu watayasema wenyewe wakitaka. Akilia, zima, ngoja, umuulize kama mwendelee siku nyingine. Kwa anayehitaji msaada, simu ya bure ni 1195.

Uangalifu huo huo uwe kwa waliokuwa Nyayo tarehe 23 Oktoba 2010, watu 7 walipofariki kwenye mkanyagano getini siku ya Gor na Leopards. Usianze na siku hiyo. Fika hapo ukiwa umepita miaka ya furaha kwanza.

Jezi ya kijani ya mama ina ukungu na harufu ya sanduku. Nifue? – Dada wa Shauri Moyo

Ipige picha kwanza, mbele, nyuma na kila doa, kisha umuulize mama doa lipi lina kisa. Toa jezi nje kivulini, si juani, upanguse ukungu kwa brashi laini ukiwa umefunga barakoa. Ukungu uliokauka hupeperuka na kuingia kifuani.

Kabla ya maji, jaribu rangi: lowesha kitambaa cheupe cha pamba, ukibane kwenye pindo la ndani kwa dakika moja. Kikitoka kijani, usifue, ihifadhi kavu. Kikitoka cheupe, tumia beseni pana, maji baridi na sabuni kidogo ya maji isiyo kali. Bonyeza, usisugue wala kukamua. Dawa za kung'arisha kama Jik zikae mbali kabisa. Suuza hadi povu liishe, ilaze juu ya taulo ikauke ikiwa bapa. Waya wa kutundikia huichosha mabega, na pasi ikipita juu ya nambari za mpira zitashikana na chuma.

Izungushe kwenye shuka nyeupe ya pamba iliyokwisha kufuliwa mara kadhaa. Mfuko wa plastiki ndio ulioleta ukungu, usiurudishe. Naftalini zisiguse kitambaa. Na jezi safi haihitaji nyingi.

Mimi ni shabiki wa Liverpool. Kule Uingereza wanawake walisimama terasi kama kina mama wetu? Kwa nini terasi zao ziliondolewa? – Msomaji, Donholm

Walisimama, na ushahidi mmoja ni wa huzuni. Kwenye msiba wa Hillsborough, Sheffield, tarehe 15 Aprili 1989, waliofariki ni 97, na kati yao 7 walikuwa wanawake na wasichana. Watu waliruhusiwa kuingia kwa wingi kupitia geti la kutokea, wakaelekea kwenye vizimba vya katikati ambavyo tayari vilikuwa vimejaa, huku vya pembeni vikiwa na nafasi. Uzio wa mbele ukawazuia kutoka. Ripoti ya Jaji Taylor ya Januari 1990 ilipendekeza uwanja mzima uwe wa viti, bila sehemu ya kusimama, na vilabu vya madaraja ya juu vikatakiwa kutekeleza kufikia Agosti 1994. Terasi ya Kop pale Anfield, uwanja wa Liverpool, ilisimamiwa kwa mara ya mwisho tarehe 30 Aprili 1994, Norwich ikashinda 1-0. Kusimama kuliruhusiwa tena kwa majaribio Januari 2022, kila safu ikiwa na kizuizi chake cha chuma na kiti kinachokunjwa.

Unapowahoji kina mama wa hapa, swali la kuchukua kutoka kule ni hili: kulikuwa na chuma cha kuegemea kwenye ngazi, na watu walitoka kwa geti lipi? Kina mama waliokuja na watoto huwa wanalijua geti la kutokea kuliko refa anavyolijua goli.

Kikundi chetu cha kina mama wa Ingwe kinataka kurekodi nyimbo na ngoma kabla wazee hawajaondoka. Simu inatoa mkwaruzo tu. – Katibu wa chama, Kawangware

Isukuti, ngoma za Waluhya, ni kali kwa maikrofoni ya simu. Sauti ikizidi kiwango, kilele chake hukatwa, na hakuna fundi wa kukirudisha. Zima urekebishaji wa sauti wa moja kwa moja kama programu inaruhusu, shusha kiwango hadi mshale ucheze chini ya eneo jekundu hata ngoma kubwa ikipigwa kwa nguvu, na usogee mita 4 au 5. Simu iwe upande wa waimbaji, ngoma ziwe nyuma yao.

Rekodi mara tatu: wote pamoja, kisha sauti za kina mama peke yake wakipiga makofi, kisha kila ngoma, kubwa, ya kati na ndogo, kwa zamu. Halafu mwenye kuanzisha aseme maneno polepole bila kuimba, mstari kwa mstari, na aeleze wimbo ulianzishwa dakika gani ya mchezo: kabla ya kona, baada ya kufungwa, au kumkejeli shemeji wa upande wa pili. Hapo ndipo mtajua kwa nini mechi ya Leopards na Gor ikaitwa ya Mashemeji, kwani mama wa Kiluhya aliyeolewa Ujaluo ana maneno yake ambayo hayamo kwenye wimbo wa wote. Muulize alisimama upande gani.

Nikitaka kulinganisha masimulizi na magazeti ya zamani niende wapi? Na naweza kuchapisha picha niliyoikuta gazetini? – Mwalimu, Eastleigh

Nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, lile jengo lililokuwa benki. Beba kitambulisho, ada ya kuingia na penseli. Maktaba ya McMillan ya Banda Street, iliyofunguliwa 1931, ina magazeti ya tangu enzi za ukoloni. Uliza kwanza kama sehemu unayoitaka iko wazi, kwa kuwa jengo liko kwenye mpango wa ukarabati. Tawi lake la Kaloleni, karibu na City Stadium, limeshakarabatiwa na ni mahali pazuri pa kuwakutanisha wazee.

Mechi za Jumapili zitafute kwenye gazeti la Jumatatu, ukurasa wa nyuma, kisha usiishie hapo: angalia barua za wasomaji siku nne zinazofuata. Huko ndiko hutokea mtu akilalamika, au akiwasifu, "wanawake walioonekana uwanjani." Unapopiga picha ya ukurasa, ingiza kichwa cha gazeti chenye tarehe, kisha habari yenyewe kwa karibu, picha mbili kwa kila habari. Picha ya goli ikuze upande wa nyuma wa goli.

Kuhusu kuchapisha: hakimiliki ya picha nchini hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa au ilipotolewa kwa umma mara ya kwanza, ile tarehe ya mwisho kati ya hizo. Picha iliyopigwa na kutolewa gazetini 1970 imeshatoka kwenye ulinzi huo, ya 1987 bado. Kwa ya 1987 mwandikie mwenye gazeti, utaje tarehe, ukurasa na unakotaka kuitumia, na uweke nakala ya barua kwenye faili hata kabla hujajibiwa.